Kutoka Kitabu cha Sherifu hadi Ubao wa Wazi: Historia ya Rejista ya Wakosaji wa Kingono katika Kaunti za Jimbo la Washington

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya rejista ya wakosaji wa kingono nchini Marekani kwa kumulika kaunti za jimbo la Washington, ambako mwaka 1990 ilipitishwa sheria ya kwanza nchini humo ya kuwaarifu wananchi kuhusu wakosaji wanaotoka gerezani. Yanaeleza chimbuko la rejista hiyo, utendaji wake katika ofisi ya sherifu wa kaunti, na matokeo yake kwa wanaoorodheshwa na kwa wanaokusudiwa kulindwa. Hoja kuu ni kwamba jambo lililobadilika zaidi katika historia hiyo ni msomaji wa kitabu kuliko kitabu chenyewe. Makala yanahitimisha kwa kulinganisha mfumo huo na ule ulioanzishwa na sheria ya Kenya ya mwaka 2006.

Utangulizi

Kiswahili kina maneno matatu yanayokaribiana: daftari, sajili na rejista. Tanzania huzungumzia daftari la wapigakura na Kenya sajili ya wapigakura, na mwalimu wa pande zote mbili huita majina ya wanafunzi kutoka kwenye rejista. Maneno yote matatu yanabeba dhana moja: kitabu kina mtunzaji, na mtunzaji ndiye anayeamua nani akifungue. Dhana hiyo ndiyo iliyovunjwa huko Marekani katika muongo wa mwisho wa karne ya 20. Kitabu kilichokuwa kikisomwa na polisi peke yao kikawa ubao wa matangazo, na kila apitaye akaruhusiwa kuusoma.

Suala hili linagusa mambo mawili yasiyopatana kwa urahisi. Kuna usalama wa mtoto, ambao hakuna jamii inayoweza kuupuuza. Kuna pia swali kuhusu mtu aliyekwisha kutumikia kifungo chake: je, adhabu yake ina mwisho? Historia ya kaunti za Washington inaonesha jinsi maswali hayo yalivyojibiwa, mara nyingi chini ya shinikizo la msiba.

Chimbuko: kitabu cha polisi

Desturi ya kuwaandikisha watu waliowahi kuhukumiwa ilianzia katika serikali za mitaa. Katika miaka ya 1930 mamlaka za eneo la Los Angeles zilianza kuwataka waliopatikana na hatia za jinai wajiandikishe kwa maafisa wa usalama. Waliolengwa hasa walikuwa majambazi wa magenge, na makosa ya kingono yalikuwa sehemu ndogo tu ya shughuli hiyo. Mwaka 1947 California ikawa jimbo la kwanza kuwa na rejista mahususi ya wakosaji wa kingono, nayo pia ilikuwa kitabu cha polisi, kisichofunguliwa kwa umma.

Tangu mapema mahakama zilitambua hatari ya kumwadhibu mtu kwa kutojiandikisha. Mwaka 1957 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya mwanamke wa Los Angeles aliyewahi kuhukumiwa kwa kughushi, kisha akashtakiwa kwa kutojiandikisha kwa polisi wa jiji hilo. Mahakama iliamua kwamba haikuwa haki kumtia hatiani bila kuthibitisha kuwa alijua, au angeweza kujua, wajibu huo. Uamuzi huo uligusa arifa kwa mwandikishwaji tu. Swali la arifa kwa umma lilikuwa bado halijazaliwa.

Mwaka 1990: kitabu kinafunguliwa

Misiba miwili ilibadilisha mkondo huo. Mwaka 1988 mwanamke kijana aliuawa jijini Seattle na mfungwa aliyekuwa katika mpango wa kufanya kazi nje ya gereza. Mwaka uliofuata, mtoto mdogo wa kiume alishambuliwa na kujeruhiwa vibaya mjini Tacoma na mtu aliyekuwa na historia ndefu ya makosa dhidi ya watoto, ambaye maafisa walijua hatari yake lakini sheria haikuwaruhusu kuendelea kumzuia baada ya kumaliza kifungo. Hasira ya umma ilikuwa kubwa. Gavana Booth Gardner aliunda kikosi kazi, na mapema mwaka 1990 bunge la jimbo likapitisha Sheria ya Ulinzi wa Jamii.

Sheria hiyo ilikuwa na nguzo tatu: kuwazuia kwa amri ya mahakama ya madai watu walioonekana kuwa hatari hata baada ya kifungo, kuwataka wakosaji wajiandikishe kwa sherifu wa kaunti, na kuwaruhusu maafisa kuutangazia umma habari zao pale inapohitajika. Nguzo ya tatu ndiyo iliyokuwa mpya kabisa nchini Marekani. Tangu hapo, kauli ya kuwa viongozi walijua lakini wananchi hawakujua ikawa hoja ya kisiasa isiyopingika kwa urahisi.

Utendaji wa rejista katika kaunti

Washington ina kaunti 39. King, ambamo limo jiji la Seattle, ilikuwa na wakazi zaidi ya milioni 2.2 katika sensa ya mwaka 2020, ilhali nyingine ni za mashambani na zina watu wachache. Katika kila moja, mlango wa rejista ni ofisi ya sherifu. Anayetoka kizuizini au anayehamia humo hupewa siku 3 za kazi kujiandikisha. Hutoa jina na majina mengine anayotumia, anwani, mahali pa kazi na kosa alilohukumiwa. Hupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Akihama ndani ya kaunti hutoa taarifa ndani ya siku 3 za kazi. Akihamia kaunti nyingine hujiandikisha kwa sherifu mpya na kumjulisha yule wa awali. Asiye na makazi maalumu hutakiwa kufika mwenyewe kwa sherifu kila wiki. Kutotimiza masharti hayo ni kosa la jinai linalojitegemea, hivyo mtu anaweza kurudi gerezani kwa sababu ya anwani bila ya kumgusa mtu yeyote.

Kujiandikisha hakumaanishi kutangazwa. Kati ya hatua hizo mbili kuna upangaji wa viwango. Kamati ya jimbo hupitia mafaili ya wanaokaribia kutoka gerezani na kupendekeza kiwango cha hatari. Sherifu wa kaunti huweza kukubali pendekezo hilo au kutoa uamuzi tofauti, mradi aeleze sababu zake. Kiwango cha 1 ni cha wanaokadiriwa kuwa na uwezekano mdogo wa kurudia kosa. Habari zao hubaki kwa vyombo vya usalama, na huweza kutolewa kwa mwathiriwa, shahidi au jirani anayeuliza. Kwa kiwango cha 2, shule, vituo vya kulelea watoto, maktaba na majirani huweza kuarifiwa. Kwa kiwango cha 3 umma wote huarifiwa: maafisa husambaza vipeperushi na huweza kuitisha mikutano ya wakazi. Tovuti ya wazi huonesha wa viwango vya 2 na 3, pamoja na wa kiwango cha 1 wasiotimiza wajibu wa kujiandikisha.

Muda wa kukaa katika rejista hutegemea uzito wa kosa. Kwa kosa la daraja C ni miaka 10 na kwa daraja B miaka 15, mradi mtu asipatikane na hatia nyingine. Kwa daraja A hakuna ukomo, isipokuwa mahakama ikubali ombi la kuondolewa.

Mpaka kati ya siri na wazi haukudumu kama ulivyochorwa. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya Washington iliamua kwamba sheria ya kuarifu jamii haizuii wananchi kuomba kumbukumbu za wakosaji wa kiwango cha 1 kupitia sheria ya kumbukumbu za umma. Kile ambacho sherifu hakukibandika ubaoni kikawa kinaweza kuombwa kwa barua.

Kuenea na uhalali wake

Mfano wa Washington ulienea upesi. Mwaka 1994 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyopewa jina la Jacob Wetterling, mtoto wa miaka 11 aliyetekwa Minnesota mwaka 1989, na kuyataka majimbo yote yawe na rejista. Mwaka 1996 ikaongezwa Sheria ya Megan, yenye jina la mtoto aliyeuawa New Jersey, iliyoyalazimu majimbo kuuarifu umma. Mwaka 2006 ikafuata Sheria ya Adam Walsh iliyojaribu kusawazisha masharti nchi nzima. Kila sheria ilibeba jina la mtoto, na ni vigumu kwa mbunge kupiga kura dhidi ya jina hilo.

Mahakama, kwa upande wake, zilikataa kuiita rejista adhabu. Mahakama ya Juu ya Washington ilisema hivyo mwaka 1994, na ya Marekani ikasema hivyo mwaka 2003 katika kesi iliyotoka Alaska. Kwa kuwa si adhabu, rejista iliweza kuwahusu hata waliotenda makosa kabla ya sheria kutungwa. Neno moja, adhabu, ndilo lililobeba mzigo wote wa hoja.

Matokeo

Mwaka 1995 Donna Schram na Cheryl Milloy walichapisha uchunguzi kuhusu Washington yenyewe. Baada ya miezi 54, asilimia 19 ya waliotangazwa walikuwa wamekamatwa tena kwa kosa la kingono, ikilinganishwa na asilimia 22 ya kundi la awali ambalo halikutangazwa. Tofauti hiyo ilikuwa ndogo mno kitakwimu kuthibitisha lolote, ingawa waliotangazwa walikamatwa mapema zaidi. Mwaka 2011 J. J. Prescott na Jonah Rockoff walionesha kwamba kujiandikisha kwa polisi kunaweza kupunguza makosa, hasa dhidi ya watu wanaofahamiana na mkosaji, lakini kutangaza kwa umma kunaweza kuongeza urudiaji, kwa kuwa anayenyimwa nyumba, kazi na ujirani hubakiwa na machache ya kupoteza.

Hatari nyingine ilijitokeza mapema. Mwaka 1993, katika Kaunti ya Snohomish, nyumba ambayo mkosaji alitarajiwa kuhamia ilichomwa moto baada ya wakazi kuarifiwa. Mwaka 2005 wakosaji wawili waliuawa Bellingham, katika Kaunti ya Whatcom, na mtu aliyewapata kupitia orodha ya wazi.

Zaidi ya hayo, ubao huelekeza jicho kwa mgeni. Takwimu za serikali ya shirikisho zilizochapishwa mwaka 2000 zilionesha kuwa miongoni mwa waathiriwa watoto, takribani asilimia 7 tu walishambuliwa na watu wasiowajua. Waliobaki walidhuriwa na jamaa au watu waliofahamiana nao. Wahenga walikwisha kusema kikulacho ki nguoni mwako. Mzazi anayesoma tovuti na kuona mtaa wake ni safi anaweza kuacha kutazama ndani ya nyumba yake.

Hitimisho

Afrika Mashariki haiko nje ya mjadala huu. Sheria ya Makosa ya Kingono ya Kenya ya mwaka 2006, iliyowasilishwa bungeni na Njoki Ndung'u, ilimtaka Msajili wa Mahakama Kuu atunze rejista ya waliopatikana na hatia, inayoweza kukaguliwa kwa idhini yake na mtu mwenye sababu ya msingi. Ingawa Kenya pia ina kaunti, rejista hiyo ni ya taifa, na ufunguo wake umo mikononi mwa mahakama. Kwa lugha ya makala haya, Kenya ilichagua daftari, Washington ikachagua ubao.

Uchaguzi huo usichukuliwe kama ishara ya nani anawapenda watoto zaidi. Ushahidi wa Washington unaelekea kuonesha kwamba faida ya rejista hutokana na afisa anayejua mkosaji yuko wapi na kumtembelea, zaidi ya tangazo lenyewe. Daftari lisilofunguliwa na yeyote halimlindi mtoto. Ubao uliosomwa na wote nao unaweza kumsukuma mkosaji mahali ambapo hakuna anayemwona. Nchi za kanda hii zinapoendelea kufikiria rejista zao, zinahitaji kwanza kujibu swali ambalo Washington ililijibu kwa haraka ya msiba: kitabu hiki kinaandikwa ili asome nani, na akishakisoma anatarajiwa kufanya nini?