Chama cha Ustawi cha Mitumba na Kesi ya Makazi

Habari ya zamani tuliyoitia katika taarifa hii si ya Kehancha bali ya Nairobi, ambako watoto wetu wengi wamepanga vyumba. Yatuhusu kwa kuwa walioitenda ni chama cha ustawi kama chetu.

Kubomoa vijiji vya Waafrika si jambo geni katika mji ule. Pangani ilivunjwa mwaka 1939. Karibu na uwanja wa ndege wa Wilson palikuwa na kijiji kiitwacho Mitumba. Wakazi wake hawakuwa na hati ya ardhi, ila walikuwa na chama kilichoandikishwa kwa sheria, jina lake Mitu-Bell Welfare Society. Mwezi wa Septemba 2011 ilani ilitolewa magazetini kwamba wahame kwa muda wa siku saba. Chama hakikungoja siku hizo ziishe. Kilikwenda Mahakama Kuu, na tarehe 22 mwezi ule ule kikapata amri ya kuzuia ubomoaji.

Tarehe 19 Novemba, amri ingali na nguvu, nyumba zilibomolewa. Kwa hesabu ya chama, kaya 3,065 zilikosa maskani, yaani watu 15,325, wazee na watoto wachanga pamoja.

Watu waliotawanyika namna hiyo aghalabu huacha shauri. Hawa hawakuliacha. Mwezi wa Aprili 2013 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba haki zao zimevunjwa, akaitaka serikali ieleze kwa muda wa siku 60 mipango yake ya makazi kwa wasio na pa kukaa. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Chama kikapanda hadi Mahakama ya Juu, na tarehe 11 Januari 2021 majaji wakatamka neno zito: watu waliokaa muda mrefu katika ardhi ya umma, wakajenga na kulea watoto hapo, hata wakikosa hati wanayo haki ya makazi ambayo mahakama yaweza kuilinda. Haki hiyo imo katika kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010.

Mtu asidhani kwamba sasa aweza kujenga katika shamba la jirani. Hukumu yahusu ardhi ya umma tu. Wala haikuwarudishia watu wa Mitumba kijiji chao. Shauri lilirejeshwa Mahakama Kuu ili wapangiwe nafuu wanayostahili. Kwa maoni yangu, nafuu inayopangwa baada ya miaka tisa imechelewa mno, kwani mtoto aliyebebwa mgongoni siku ile ya Novemba alikuwa amekwisha kufika madarasa ya juu.

Kesi ilipokuwa ikiendelea, mwaka 2016, Bunge lilirekebisha sheria za ardhi. Tangu hapo anayetaka kuwahamisha wakaao katika ardhi ya umma bila idhini hana budi kuwapa ilani ya maandishi ya miezi mitatu, si siku saba.