Jinsi ubongo wa mtoto unavyojenga hisia na kumbukumbu

MTOTO aliyepatwa na hofu kubwa akiwa na umri wa mwaka mmoja hataweza kulisimulia tukio hilo ukubwani, lakini mwili wake unaweza kuendelea kushtuka akutanapo na jambo linalofanana nalo. Si somo jepesi kwa wanafunzi wa udaktari, ambao aghalabu huanza kuujua ubongo katika chumba cha kupasulia maiti, na kukutana na watoto wodini miaka kadhaa baadaye.

Amigdala, sehemu ya ubongo yenye umbo la lozi, hushughulika na hofu na huanza kazi mapema. Hipokampasi, iliyopewa jina la farasi wa baharini, hujenga kumbukumbu za matukio, nayo huchelewa kukomaa. Hiyo ni mojawapo ya sababu zinazowafanya watu wengi wasikumbuke lolote la kabla ya umri wa miaka mitatu hivi. Sehemu ya mbele, inayosaidia kutuliza hisia, hukomaa mwisho, mtu akiwa na miaka 20 na ushei.

Mfano maarufu darasani ni wa Mmarekani Henry Molaison. Mwaka 1953, akiwa na miaka 27, Dk. William Scoville alimpasua kutibu kifafa, akaondoa sehemu kubwa ya hipokampasi pande zote mbili. Hadi alipofariki mwaka 2008, hakuweza tena kuhifadhi kumbukumbu za matukio mapya. Hata hivyo, mwanasaikolojia Brenda Milner alibaini kwamba Molaison alizidi kuwa stadi wa kuchora nyota kwa kutazama kioo, ilhali hakukumbuka kuwahi kujaribu.

Lakini huyo alikuwa mtu mzima. Kuhusu ubongo unaokua, mfano wenye uzito zaidi unatoka Romania. Kuanzia mwaka 2000, Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah walifuatilia watoto 136 waliokuwa wakilelewa katika vituo mjini Bucharest. Nusu yao, waliochaguliwa kwa bahati nasibu, walipelekwa kwa familia za walezi, uamuzi uliozua mjadala mrefu wa kimaadili, na kwa haki. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 katika jarida la Science yalionyesha kuwa waliopelekwa kwa familia waliendelea vizuri zaidi kiakili, hasa waliohama kabla ya kutimiza miaka miwili. Hata hivyo, kwa wastani hawakuwafikia wenzao waliolelewa na wazazi wao tangu kuzaliwa.