Kombe la Juba lilianzia kwenye uji wa Katwe

Agosti 2009, watoto watatu wa Katwe, mtaa wa mabanda jijini Kampala, walipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani kwenda Juba, mji ambao siku hizo ulikuwa bado wa Sudan. Phiona Mutesi, Benjamin Mukumbya na Ivan Mutesasira walikwenda kushindana katika sataranji na watoto wa mataifa mengine ya Afrika. Phiona alishinda mechi zake zote 4, na wenzake hawakupoteza hata moja. Uganda ikatwaa ubingwa, na kombe lenyewe lilikuwa kubwa mno, halikuingia katika begi la yeyote kati yao.

Safari hiyo ilianza mwaka 2004. Robert Katende, mchezaji wa kandanda aliyeajiriwa na shirika la Kikristo la Sports Outreach, alikuwa akiwafundisha watoto wa Katwe mpira. Akaona wapo wanaokaa pembeni tu, hawaingii uwanjani. Hao akawaletea ubao wa sataranji.

Baada ya mazoezi kulikuwa na uji, na njaa ndiyo iliyomfikisha Phiona pale mwaka 2005. Alikuwa na miaka 9 hivi, ameacha shule kwa kukosa karo, anatembeza mahindi mitaani. Siku moja akamnyatia kaka yake hadi kwenye kibaraza cha mazoezi hayo. Aliyemfundisha kusogeza kete alikuwa binti wa miaka 4.

Mashindanoni mambo ni mengine. Ukiigusa kete yako, sharti uicheze. Saa inakula dakika zako, na kila hatua inaandikwa. Uzoefu huo haupatikani ila kwa kushindana. Mwaka 2010 Phiona alicheza Olimpiadi ya Sataranji huko Khanty-Mansiysk, Urusi, na ile ya 2012, Istanbul, ikampa cheo cha kimataifa. Mwaka 2016 mwongozaji Mira Nair akatoa filamu ya maisha ya Phiona, Lupita Nyong'o akicheza kama mama wa Phiona.

Sisi wa Kalemie tusiishie kusifu kipaji. Katende hakwenda Katwe kusaka wenye akili. Aliwapa uji na ubao, na hakumdai mtu karo. Anayetaka kuandaa mashindano ya vijana mjini kwetu aanze na swali hili: mtoto asiye na shule ataandikishwa na nani?