Hofu ya Mashine ni Hofu ya Nani?

Siku hizi husemwa kwamba binadamu anaiogopa akili mnemba kwa sababu anajiogopa mwenyewe: anajua alivyowatenda wenzake, naye anahofia kutendwa vivyo hivyo. Maelezo haya yana ukweli, lakini yana kasoro moja kubwa. "Binadamu" huyo ni nani? Ni bwana au ni mtwana?

Ndugu msomaji, tulitazame neno lenyewe "roboti". Lilizaliwa katika tamthilia ya R.U.R. ya Karel Čapek, Mcheki, iliyochapishwa mwaka 1920. Ndugu yake Josef ndiye aliyelipendekeza. Halikutoka hewani. Katika Bohemia "robota" ilikuwa kazi ya shokoa ambayo mkulima alilazimika kumfanyia kabaila. Mwaka 1775 wakulima hao waliasi, jeshi likawazima, na shokoa haikufutwa mpaka mwaka 1848.

Katika tamthilia hiyo kiwanda kinatengeneza watu wa bandia wafanye kazi bila mshahara wala manung'uniko. Wenye kiwanda wanawauza, serikali zinawapa silaha, na mwishowe watumwa hao wanaasi na kuwaua mabwana. Wanamwacha hai mtu mmoja tu, Alquist, kwa kuwa anafanya kazi kwa mikono yake kama wao. Hapo ndipo penye kiini. Hofu iliyomo humo ni ya kale: ni ya kabaila alalaye akisikiliza nyayo za watwana wake. (Nasi makada tunaopenda mwanachama anayetii bila kuuliza, tujichunguze kidogo hapo.)

Mvujajasho naye anaogopa, ila haogopi maasi. Mafundi wafumaji soksi wa Nottingham, Uingereza, walipoanza kuvunja mashine mwaka 1811, hawakuvunja ovyo: walivunja za waajiri waliokata ujira, wakaziacha za wengine. Bunge la wenye mali lilijibu mwaka 1812 kwa sheria ya kumnyonga avunjaye mashine.

Januari 2023 jarida la Time la Marekani lilieleza jinsi vijana wa Nairobi walivyolipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi ya ukatili na uchafu, ili mashine ifundishwe kuyatambua. Mwezi Julai mwaka huo baadhi yao walipeleka shauri lao katika Bunge la Kenya. Hawakusema kwamba mashine itawaasi. Walisema habari za ujira, na za yale waliyoyasoma kutwa, yasiyowatoka vichwani usiku.