Chombo na Kilichomo: Hifadhi za Mawe na Dawa za Kinga katika Pwani ya Kiswere

Katika historia ya tiba za Bahari ya Hindi, thamani ya dawa imezoeleka kupimwa kwa uzuri wa chombo chake. Mfano mashuhuri ni mawe ya Goa, yaliyofinyangwa na watawa Wajesuti katika karne ya 17 kwa kuiga bezoa, jiwe litokalo tumboni mwa mbuzi na lililoaminiwa kuondoa sumu. Jiwe lilikwanguliwa kidogo kidogo ndani ya kinywaji, kisha likarudishwa katika tufe la dhahabu iliyosukwa kama wavu.

Kipimo hicho hupotosha kikiletwa Kiswere, kwenye ghuba iliyo kati ya Kilwa na Lindi. Pwani hii haikukosa vito: shanga za akiki kutoka Khambhat zilifika Kilwa kabla ya Wareno. Wala haikukosa dhahabu. Chombo kitakatifu chenye nakshi nyingi kuliko vyote vinavyohusishwa na eneo hili ni kile cha kuwekea ekaristi, kilichokamilishwa na Gil Vicente mwaka 1506 kwa dhahabu ya kodi ambayo Vasco da Gama alimtoza mtawala wa Kilwa. Kipo Lisbon. Mji wenyewe ulitekwa na kuporwa mwaka 1505. Uchache wa mapambo hauwezi basi kuwa ushahidi wa uduni wa tiba.

Hata hivyo, uporaji si jibu lote. Kinga ya Waswahili ina mantiki tofauti. Hirizi, neno lenye asili ya Kiarabu na maana ya hifadhi, huweza kuvishwa kasha la fedha, pengine iliyoyeyushwa kutoka reale za Maria Theresa. Lakini maandishi yaliyomo hayakukusudiwa kuonwa na mtu. Katika kombe, maneno huandikwa kwa zafarani juu ya sahani, yakaoshwa na kunywewa: dawa huisha, sahani hurudi jikoni. Fingo huzikwa ardhini, na nguvu yake imo katika kufichwa kwake. Kupamba chombo cha fingo kungekuwa kazi bure.

Kwa hiyo makumbusho yanayoorodhesha hirizi chini ya vito vya wanawake yamehifadhi ganda tu. Hasara kubwa zaidi iko kwenye uchimbaji wa akiolojia: chungu kisicho na nakshi kilichozikwa kizingitini huhesabiwa pamoja na vigae vya jikoni, na mahali kilipokaa, ambapo ndipo penye maana yake yote, hapaandikwi.