Jim Morrison na Mashairi Yake
Jim Morrison alizaliwa Florida, Marekani, mwaka 1943, akavuma kwa uimbaji wake katika kundi la roki la The Doors, lililoundwa Los Angeles mwaka 1965. Walakini alitamani kujulikana kuwa mshairi. Mwaka 1969 alichapisha kwa gharama yake vitabu viwili vya mashairi. Na tarehe 8 Desemba 1970, siku aliyotimiza miaka 27, alizisoma tungo zake studioni, zikanaswa katika ukanda. Tarehe 3 Julai 1971 alifariki Paris, akazikwa Père Lachaise. Mwaka 1978 wenzake waliutoa usomaji ule, wakiwa wameutia muziki. Kwetu sisi, ambao shairi huimbwa, jambo hilo laweza kuonekana dogo. Lakini malenga huchagua mahadhi yake mwenyewe, na huyu hakuwapo kuyachagua.