Maliba na Nchi ya Busongora

Msafiri atokaye Kasese kwenda Fort Portal huiacha Maliba upande wa kushoto, penye miteremko ya Rwenzori. Ni nchi ya kahawa na migomba. Lakini kwetu walimu wa lugha jambo la kwanza ni jina. Maliba imo katika kaunti ya Busongora, yaani nchi ya Wasongora, wafugaji wa ng'ombe. Ilhali apitaye nyumba hata nyumba husalimiwa kwa Kikonzo. Imekuwaje jina likawa la hawa na sauti ikawa ya wale?

Zamani ardhi iligawanyika kwa kimo chake. Mfugaji alishika nyika, mkulima wa Kikonzo alishika mlima. Mnamo miaka ya 1890 sotoka ikaangamiza ng'ombe, kisha malale yakaingia, na serikali ya kikoloni ikawahamisha watu kando ya maziwa. Wasongora wengi walivukia Kongo. Sehemu kubwa ya nyika hiyo ikafanywa hifadhi ya wanyama mwaka 1952. Machimbo ya shaba ya Kilembe na reli ya Kasese vikaja mwaka 1956, na Wakonzo wakazidi kushuka.

Mlimani nako hakukuwa na raha. Mapatano ya mwaka 1900 yaliwaweka Wakonzo chini ya ufalme wa Toro. Walioasi mwaka 1919, Nyamutswa, Tibamwenda na Kapolya, walinyongwa mwaka 1921. Hata hivyo sisi twaona kwamba kidonda kilichokaa zaidi kilikuwa cha darasani: Kitoro ndicho kilichokuwa lugha ya shule na ya baraza, na mtoto wa Kikonzo alianza kusoma kwa maneno asiyoyasikia kwa mama yake. Tusistaajabu, basi, kwamba Isaya Mukirane, aliyewaongoza Wakonzo kutoka katika baraza la Toro mwaka 1962, alikuwa mwalimu. Mwaka huohuo Rwenzururu ilitangazwa kuwa nchi ya peke yake. Mukirane alifariki mwaka 1966. Mwanawe, Charles Mumbere, alishuka mlimani kwa mapatano mwaka 1982. Wilaya ilikwisha kutengwa na Toro tangu mwaka 1974, na ufalme ukatambuliwa na serikali mwaka 2009.

Nao Wasongora? Walifukuzwa Kongo mwaka 2006, wakarudi na ng'ombe wao katika nchi yenye jina lao, wakakuta hifadhi na mashamba. Ugomvi wa malisho ukazuka, na kila upande ulikuwa na haki yake ya kusimulia.

Huko Bwera, mpakani Mpondwe, Mkonzo na Mnande wa Kongo husikilizana bila mkalimani, maana lugha zao ni kama moja iliyokatwa na mpaka. Akiingia mfanyabiashara wa mbali sokoni, hapo ndipo wote hugeukia Kiswahili.